Shangazi, mwanangu halali mpaka saa sita usiku, na haongei

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi saba. Kwetu ni Lushoto, nimeolewa na Mgogo wa Mpwapwa, na tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nafanya kazi serikalini, ofisi yetu iko Mtumba. Basi la watumishi linatupitia saa 12:45 asubuhi, kwa hiyo saa 11 alfajiri mimi niko macho. Kipindi hiki cha Bunge la bajeti ndiyo usiseme, nafika nyumbani saa 1 usiku, siku nyingine saa 2. Baba mtoto yuko kwenye mradi Singida, anakuja Ijumaa usiku na Jumapili anageuza.

Mtoto anashinda na dada wa kazi na mama mkwe wangu, ambaye yuko nasi tangu mwezi wa tatu. Ni mama mzuri, sina neno naye, ila kwa huyu mtoto hatuelewani.

Shida ya kwanza ni kulala. Nikifika ananirukia, tunacheza, anakula kidogo, anacheza tena. Saa 5 usiku bado anakimbia sebuleni, analala kwenye saa 6. Asubuhi naondoka amelala fofofo, dada anasema huamka saa 3 na nusu. Mchana hataki kulala, anakuja kulazwa saa 10 alasiri dada akitaka kupika, anaamka saa 12 jioni na nguvu mpya. Mimi ofisini nasinzia juu ya faili.

Ya pili ni kula. Bila katuni kwenye simu hafungui mdomo. Anachokipokea vizuri ni uji wa lishe kwenye chupa, mara tatu kwa siku (chuchu tumeitoboa zaidi ili upite), chupa ya maziwa akiwa kitandani, na chai ya rangi. Mama mkwe anataka ampe ugali wa uwele na mlenda kama walivyokula wanawe. Mimi naona bado mdogo, na huo mlenda utamshibisha nini?

Ya tatu ndiyo inaninyima raha. Mwanangu haongei. Ana "mama", "maa" akitaka maji, "nyau" akiona paka, "toka", na "piipii" akisikia bodaboda. Mtoto wa jirani wa umri huohuo anasema "mama nipe chai". Wangu anafuatisha sauti za hesabu za Kiingereza za kwenye katuni, lakini ukimuuliza jina lake anakutazama tu. Mama mkwe anasema ni udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini, na kuna bibi mtaa wa pili anayeukata kwa wembe. Wifi yangu naye anasema tunamchanganya, bibi anamsemesha Kigogo, mimi Kiswahili, simu Kiingereza.

Halafu ukimnyang'anya simu anajibwaga chini na kugonga kichwa. Na bado yuko kwenye pampasi, jambo ambalo mama mkwe hulitaja kila nikileta paketi mpya.

Nipangie ratiba, Shangazi. Na uniambie ukweli, mwanangu yuko nyuma?

Mama J., Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Pole na Bunge la bajeti.

Kabla ya ratiba tupige hesabu. Kutoka saa 6 usiku mpaka saa 3 na nusu asubuhi ni saa tisa na nusu. Ongeza mbili za jioni, unapata saa 11 na nusu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 ndani ya saa 24, pamoja na usingizi wa mchana. Kwa hiyo mwanao analala. Asiyelala hapo nyumbani ni wewe.

Usingizi wake upo wote, ila umekaa mahali pasipofaa. Na nani kauweka hapo? Soma tena barua yako. Dada anamlaza saa 10 alasiri kwa sababu anataka mikono yake miwili apike. Wewe unaondoka amelala, na kama usiku ungemkuta amelala pia, basi kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa usingemwona akiwa macho. Hukuandika popote kwamba uliwahi kumpeleka kitandani saa 3 akakataa. Umeandika "ananirukia, tunacheza". Sikulaumu hata kidogo, mama gani asingefanya hivyo? Ila tuelewane kwamba kila mtu humo ndani anamlaza mtoto saa inayomfaa yeye, halafu mnashangaa mtoto hana ratiba.

Raha ni kwamba saa zilezile 11 na nusu zinaweza kukupa wewe mtoto asubuhi na jioni. Alale saa 2 na nusu usiku, aamke saa 12 asubuhi: hizo ni tisa na nusu. Mchana alale saa 7 mpaka saa 9: hizo mbili. Hajapunguziwa kitu. Wewe unapata dakika arobaini naye kabla ya basi, na jioni unapata saa nzima au nusu yake, ile ya kuoga na kulazwa, ambayo kwa mtoto wa umri huu ndiyo tamu kuliko zote.

Sasa namna ya kufika huko. Usianzie usiku. Akina mama wengi huanza kwa kumlazimisha mtoto kulala saa 3 wakati ameamka saa 12 jioni. Analia, mama analia, kesho yake wanaacha. Mtoto wa umri wake anahitaji kuwa macho kama saa tano hivi baada ya usingizi wa mchana ndipo usingizi wa usiku umshike vizuri, kwa hiyo aliyeamka saa 12 jioni kulala saa 5 au 6 usiku ni haki yake. Anzia asubuhi. Jumamosi, ukiwa nyumbani, mwamshe saa 3 kamili badala ya saa 3 na nusu. Fungua pazia, mtoe barazani apate mwanga, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia akili yake kwamba siku imeanza. Baada ya siku mbili tatu rudisha nusu saa nyingine, saa 2 na nusu, halafu saa 2, hivyo hivyo mpaka saa 12. Usingizi wa mchana nao unasogea kwa mwendo huohuo, na wa usiku utafuata wenyewe. Hesabu wiki tatu hivi.

Kuna sharti moja kwenye mchana: hata akiwa amenoga vipi, saa 9 na nusu ikifika aamshwe. Atanuna kidogo. Mpakateni, mpeni maji, atachangamka.

Usiku mambo yawe yaleyale na kwa mpangilio uleule kila siku. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, mafuta, nguo ya kulalia, taa ya sebuleni inazimwa, hadithi fupi au wimbo, kitandani. Hadithi ya sungura na fisi inatosha, hata ukiirudia mwezi mzima. Watoto wa umri huu wanapenda kujua kitakachofuata. Siku ambazo wizara imekushika na huna uhakika wa kufika kabla ya saa 2, bibi yake aianze ratiba bila wewe, na ukifika amelala usimwamshe. Najua hapo nimekugusa. Lakini una asubuhi, na Bunge la bajeti lina mwisho wake, Juni ikiisha mtapumua.

Asubuhi msimwogeshe. Baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba, na ule upepo, haina mzaha. Muoshe uso tu kwa maji ya uvuguvugu. Usilione hilo dogo. Pale Kongwa watafiti walichunguza ugonjwa wa vikope kwa miaka mingi, na jambo moja lililosisitizwa ni uso safi wa mtoto, maana nzi hufuata tongo na makamasi. Kwa vumbi la huko kwenu aoshwe uso zaidi ya mara moja kwa siku.

Halafu mtoto atoke nje. Umeniandikia mambo mengi lakini sikuona mahali anapotoka, na nyumba zenu za huko siku hizi geti likifungwa limefungwa. Mwongozo uleule wa 2019 unataka mtoto wa umri wake awe katika mwendo walau dakika 180 kwa siku nzima. Usidhani ni mazoezi ya kuhesabiwa. Ni kutembea mpaka gengeni na bibi, kupanda ngazi ya baraza, kusukuma ndoo tupu, kumfuata kuku. Saa 3 mpaka saa 5 asubuhi panafaa, na tena kuanzia saa 10 jioni jua likipoa. Mkifika Oktoba na Novemba, joto likikolea, mchana abaki kivulini. Mtoto aliyekimbia asubuhi ukimlisha saa 6 mchana, saa 7 anasinzia mwenyewe na kijiko mdomoni.

Tuje kwenye hicho kijiko.

Mtoto anayelishwa huku akitazama katuni hali, anajazwa. Haoni chakula, hakishiki, hajui kimeisha au kimeanza. Na kwa umri wake mwongozo ule haushauri katuni kabisa. Kuanzia miaka miwili ndipo unasema isizidi saa moja kwa siku. Ondoeni simu wakati wa kula kwanza, hayo mengine yatafuata. Siku za mwanzo atafunga mdomo kweli. Mwekeeni sahani yake, chakula cha kushika kwa mkono wake, kaeni naye mkila na ninyi, na baada ya nusu saa ondoeni sahani bila ugomvi. Hakuna kumkimbiza na bakuli sebuleni. Mtoto mzima hawezi kujiua njaa, mradi pasiwe na chupa inayomsubiri nyuma ya mlango.

Na hiyo chupa ndiyo kiini cha yote. Chupa tatu za uji na moja ya maziwa: tumbo la mtoto wa mwaka na nusu linabaki na nafasi gani ya ugali? Uji uingie kwenye kikombe, mmoja wa asubuhi basi, na uwe mzito wa kulika kwa kijiko. Maziwa pia kwenye kikombe, nusu lita kwa siku isizidi, wala si kitandani. Akilala na maziwa mdomoni meno ya mbele yanaoza kabla ya nasari. Chai ya rangi simamisha leo. Inazuia mwili usinyonye madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, na mtoto asiyekula vizuri ndiye anayeyahitaji zaidi.

Kuhusu unga wa lishe, niulizie swali moja hapo nyumbani: karanga zilizomo zilichambuliwa na nani? Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu kwenye nafaka, mahindi hasa. Karanga nazo ni rafiki wa kuvu hiyo. Sumu hiyo haionekani kila mara kwa macho na kupika hakuiondoi. Kwa hiyo ule unga wa kuchanganya vitu kumi, ambao hujui vilikaa ghala gani, mimi siushabikii. Nunueni uwele au mahindi na karanga zenu, mzichambue juani punje kwa punje, zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu mzitupe, na hata kuku msimpe. Sageni kidogo kidogo. Unga wa nafaka moja safi na karanga safi kidogo unamtosha.

Na hapa, mwanangu, nasimama upande wa mama mkwe wako. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula cha mtoto, vizazi na vizazi vya Wagogo vimekulia hapo. Umeuliza mlenda utamshibisha nini. Ukiwa peke yake na maji mengi, kweli, utapita tu. Lakini mlenda ulioungwa kwa karanga zilizosagwa, ukatiwa kijiko cha mafuta ya alizeti na dagaa waliotwangwa, huo ni mlo kamili, na unateleza vizuri kwa mtoto anayejifunza kula vigumu. Mwombe tu bibi asitie magadi kwenye sehemu ya mtoto. Siku nyingine yai, maharage yaliyopondwa, parachichi, samaki asiye na miba. Milo mitatu na kitu kidogo katikati mara moja au mbili.

Niseme na zabibu kabla sijasahau, maana msimu ukifika kila mgeni anakuja na mfuko. Zabibu nzima ni hatari kwa mtoto wa umri huu. Ni ya duara, laini, inakwenda na koo kabisa na kuziba pumzi. Ikatwe kwa urefu, vipande vinne, mpaka afike miaka mitano hivi. Karanga nzima na bisi vilevile. Ubuyu wa rangi wenye kokwa hapana kabisa.

Sasa kuongea.

Umeniandikia kwamba haongei, halafu ukaniorodheshea maneno yake matano. "Nyau" ni neno. "Piipii" ni neno. Sauti yoyote anayoitumia kila mara kwa maana ileile inahesabiwa. Mtoto wa miezi 18 anatarajiwa kujaribu maneno matatu au zaidi mbali na mama na baba, na wako anayo manne. Kuunganisha mawili, "mama njoo", "maji isha", kunatarajiwa kufikia miaka miwili. Mtoto wa jirani amewahi, Mungu amkuze, lakini yeye si kipimo cha wako.

Mimi naangalia zaidi anachokielewa. Jioni hii jaribu bila kumwonyesha kwa kidole wala macho: "lete kiatu chako". Akileta, mengi yako sawa. Akiona kitu kizuri, ndege, lori, anakuonyesha kwa kidole na kukugeukia kuona kama umekiona? Ukimwita jina lake kwa nyuma anageuka? Kama haya yapo, tulia na umpe muda na mazungumzo. Kama haonyeshi kwa kidole, hageuki akiitwa, au alikuwa na maneno akayapoteza, usisubiri afike miaka miwili. Nenda kituo cha afya waanze kumwangalia, na kwanza kabisa masikio. Dodoma hospitali kubwa mnazo, ile ya rufaa ya mkoa na Benjamin Mkapa, mkihitaji rufaa hamtakwenda mbali. Na kama sikio liliwahi kutoa usaha, liseme hata usipoulizwa, maana mtoto asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri.

Udata. Mwambie akutolee ulimi, mfanye mchezo, mpake asali kidogo kwenye mdomo wa chini. Ulimi ukitoka ukalamba, huo udata ni wa kusingiziwa. Na hata wenye udata wa kweli, shida yao huwa kunyonya wakiwa wachanga na pengine kutamka sauti fulani baadaye. Udata haumfanyi mtoto akae kimya. Wembe wa mtaa wa pili usimkaribie. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu, na wembe haujui kuchagua. Kuna vidonda, kuna pepopunda. Yanayohitaji kukatwa hukatwa hospitali, na ni machache mno. Hapo sitetei mtu, hata mama mkwe niliyemsifu sasa hivi.

Lugha mbili hazimchanganyi. Bibi aendelee na Kigogo chake, amsalimie "mbukwa" kila asubuhi, na wewe endelea na Kiswahili. Kisambaa kikitaka kupenya Jumamosi kipenye. Mtoto hutenganisha mwenyewe, na maneno yake yahesabiwe ya lugha zote kwa pamoja. Lugha isiyomsaidia ni ile ya simu, kwa sababu simu haimjibu. Anasema "wan, tuu" na hakuna anayemgeukia. Akisema "maa", bibi anamjibu "unataka maji? maji haya hapa, ya baridi," na hapo ndipo neno linapokua. Hata ile programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto, iliyozinduliwa hapo hapo Dodoma mwaka 2021, imeyaweka malezi yenye mwitikio, yaani kumjibu mtoto anapokusemesha, sawa na chakula na chanjo. Kwa hiyo dada akichambua mchicha aseme anachofanya. Ukimvalisha, taja: mkono, mkono mwingine, kichwa kiko wapi? Halafu nyamaza umsubiri. Watu wazima tunasahau kunyamaza, tunauliza na kujibu wenyewe.

Yote haya yanamtegemea dada zaidi yako, kwa hiyo usimrundikie amri Jumapili usiku. Kaa naye na bibi siku moja, baba mtoto akiwepo. Mweleze dada kwamba chakula cha jioni ataanza kukitayarisha saa 7 mtoto akiwa amelala, mboga zichambuliwe, maharage yachemke, na ile saa 10 aliyokuwa akipika atakuwa nje na mtoto. Umpe naye nafasi ya kuegemea kidogo hapo mchana. Bibi mkabidhi usingizi wa mchana uwe wake moja kwa moja, amweke mgongoni kwa kanga au amlaze pembeni yake, atakavyo. Mkwe akipewa jambo lake mwenyewe hana muda wa kuhesabu pampasi.

Kujibwaga chini ni umri, kunapamba moto kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu. Anajua anachotaka, hana maneno ya kukisema. Sogeza kichwa chake mbali na sakafu, kaa karibu, sema machache, na simu usiirudishe. Ikirudi mara moja tu, amejifunza bei yake. Msimchape.

Kadi ya kliniki iangalie leo. Miezi 18 kulikuwa na chanjo ya pili ya surua na rubella, je, imeandikwa? Uzito wake mwezi uliopita ulipanda? Watoto wengi wakishamaliza zile chanjo za uchangani mama huacha kwenda, na ile chati ya uzito ndiyo ingekujibu swali lako la kula kuliko mimi. Mwezi wa sita na wa kumi na mbili kuna matone ya vitamini A na dawa za minyoo, usipitwe.

Pampasi, acha kwa sasa. Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka mitatu, na dalili ni kwamba anakaa mkavu saa mbili hivi, anakwambia au anajificha akitaka kujisaidia, na anaweza kushusha suruali yake. Msianze wiki hizi tatu za kugeuza usingizi, vita viwili kwa pamoja ni vingi kwa nyumba moja. Mkimaliza mnunulie poti, aiweke popote anapotaka, aikalie na nguo zake akitaka. Pampasi za usiku ziendelee, usiku huchelewa zaidi.